Lango la Nne

Lango letu halibweki wala halinusi.
Nguzo mbili za njano, barafu imezivika soksi,
malori hupita katikati kwa mwendo wa wabeba jeneza.
Mimi kibandani, bandari ya Gdynia,
chai imepoa, na kwenye kioo mstari wa kijani
umelala kama nyoka aliyeshiba.

Watu hudhani tunanasa mabomu.
Miaka kumi na mmoja nimenasa ndizi,
vigae vya choo, mchanga wa kujisaidia paka,
na safari moja mawe ya makaburi, yamesuguliwa yakang'aa,
yenye mionzi kuliko marehemu yeyote atakayelala chini yake.
Udongo una joto lake la siri.
Upakie tani ishirini, utasema.

Jumanne, kabla hakujapambazuka, mstari ukaamka.
Kontena la buluu, vigae, hati safi.
Dereva Formela, yule anirushiaye pipi dirishani.
Vigae tena, nikasema, nikavaa glavu,
nikatembea na kipimo ubavuni mwa kontena
hatua kwa hatua, theluji ikilia chini ya buti.
Kimya. Nyuma, penye lakiri, kimya.
Nilipokaribia kichwa cha lori
kikaanza kutatarika
kama ufuta kikaangoni.

"Shuka, Formela."
Akashuka, na kelele ikashuka naye.

Nikaliacha lori nikamkagua mtu:
viatu, magoti, kifua,
shingo.

Mficha maradhi, kilio kitamfichua;
na kilio kilikuwa juu ya mlingoti, chekundu, kinazunguka.
Akafungua skafu taratibu
kama afunguaye sanduku mbele ya forodha.
Mfukoni, karatasi ya hospitali imekunjwa mara nne:
iodini, tezi ya shingo,
asilale karibu na mtoto hadi tarehe kumi na tisa.

"Rozalia hajui," akasema. "Anadhani niko njiani, Ujerumani.
Nalala humu humu."
Akaonyesha blanketi nyuma ya usukani,
na sufuria ndogo, na kiatu kimoja cha mtoto
kinachoning'inia kwenye kioo.

Nyuma yake malori kumi na manne, honi.
Utaratibu unasema simama mbali, usikawie.
Nilikawia. Sikuwa na la kusema, nikamuuliza kama injini inapasha joto usiku.
"Inajitahidi," akasema.

Fomu ina kisanduku: *chanzo cha mionzi*.
Kalamu imeganda, nikaipulizia.
Siku zote huandika udongo, au matunda.
Nikaandika: dereva.
Nikagonga muhuri.

Alipopita, lango likamtaja tena, kwa nguvu zile zile,
halikuwa limeelewa chochote.
Nikalizima kwa kidole.

Pipi ilikuwa kwenye kizingiti cha dirisha, ya mnanaa.
Niliipima kwanza, naona haya kusema.
Ndipo nikaila.