Mafuta ya Nusu Saa

Simu yangu yasema nilikuwa nashinda.
Yasema bila haya, kwa tarakimu nyekundu:
pale Shaame Mbarouk alipomtupa malkia
juu ya askari wangu wa pembeni,
Wete, ghorofani kwenye duka la barafu,
umeme umekatika tangu magharibi,
aliyekosea ni yeye. Kwa alama nne na ushei.

Miaka ishirini na sita nimekubeba kushindwa kule
kama mzigo wa jirani ulioachwa mlangoni.
Kumbe haukuwa wangu.

Makame, kijana wangu, ndiye aliyeniwekea mashine hii.
Nikaupanga ubao kwa kumbukumbu, sikukosea hata kete moja.
Dawa yenyewe, inasema, ndogo: mle.
Mfalme amle malkia, kisha hatua moja kando, kimya,
kama mtu anayempisha mwenzake mlangoni.
Imeyaona hayo kabla sijanyanyua kidole,
imeteremka njia milioni kadhaa na kurudi,
haina hata vumbi miguuni.

Mimi niliona nini? Mkono wa muuguzi
ukimwacha malkia taratibu,
kama anavyolaza sindano kwenye sinia.
Ngome yetu moja ilikuwa kizibo cha dawa ya kikohozi.
Nikakitazama kizibo kile mpaka kikawa viwili.
Jasho. Nondo kwenye kioo cha karabai.
Hawezi kumtoa bure, nikajiambia,
na hapo ndipo niliposhindwa,
si hatua saba baadaye, mfalme amebanwa pembeni.

Kutoa ni moyo, usambe ni utajiri.
Mashine nayo hutoa: farasi, ngome, malkia,
hutoa bila kupepesa.
Lakini imeshauona mwisho, chenji imeshahesabu.
Mimi huko naita kununua.

Maneno mazuri. Niliyapanga njiani
nikamwambie Shaame barazani kwake, Limbani.
Amestaafu, magoti hayamtii tena.
Simu aliishika mbali na macho
kama cheti cha mgonjwa asiye wake.

"Nilijua," akasema.

"Ulijua ni kosa?"

"Nilijua hukulala. Makame alikuwa wodini kwangu
siku ya tatu, homa haishuki.
Nikasema, huyu leo
ukimpa zawadi ataiona jambia."

Nikanyamaza. Ndani ya simu
hapana mahali pa kuliandika hilo,
wala sikujua niliandike kwa alama ngapi,
na kwa upande wa nani.
Usiku ule, baada ya mchezo, alirudi wodini
akakaa na mwanangu hadi alfajiri. Hilo pia nalikumbuka.

"Haya, na hiyo yako ilitaka nifanyeje?"

Nikamsomea: mbadilishane malkia,
subira, labda sare,
baada ya hatua sitini.

Shaame akacheka mpaka akakohoa.
"Sitini! Na karabai
imebakiwa na mafuta ya nusu saa."