Kifurushi cha Mestia

Murtaz,
ile hesabu ya theluji ilikimbia vizuri huku Kutaisi.
Nakuapia. Sekunde nne,
kazi ambayo skripti yako ilikuwa ikitambaa nayo usiku kucha
nawe umelala kitini, koti juu ya magoti.

Msimbo si wangu. Ni wa Eteri,
aliuandika kwa C mwaka aliokuwa na mimba ya pili,
mistari elfu moja mia nane, mikavu kama kuni,
na katikati yake onyo moja tu:
*Ukigusa hapa, nipigie simu kwanza.*
Niligusa. Sikupiga.
Eteri ana mizabibu sasa, na simu yake huipokea mjukuu.

Kazi yangu mimi ilikuwa daraja.
Upande huu lugha laini, isiyomuuliza mgeni kabila,
namba, neno, orodha, karibuni nyote;
upande ule lugha ya chuma,
itakayo kujua kila kitu kina baiti ngapi
na nani atakizika kikifa.
Kila kinachovuka nihesabu wanaokishika:
mmoja, wawili, mmoja tena.
Nikisahau kuachia, kumbukumbu hujaa hadi mashine inazama.
Nikiachia mara mbili, nimekitupa kilichomo mkononi mwa mwingine,
na programu nzima huanguka kimya, bila kuaga.

Kompaila ilitema maonyo thelathini na tisa.
Niliyasoma yote.
(Uongo. Nilisoma kumi.)
Jioni nikafunga kifurushi, wenyewe hukiita gurudumu,
nikakibandika jina refu kama la mtoto wa ukoo wenye magomvi ya urithi:
jina lake, toleo lake, toleo la lugha, aina ya mashine.
Nikalisukuma gurudumu likapanda mlima kuja kwako.

Ukaandika neno moja: *Limegoma.*
Chini yake picha ya skrini, kidole chako kimeingia pembeni:
maktaba ya mfumo ni ya zamani,
alama inayotakiwa haimo.

Nilikasirika, Murtaz.
Kompyuta gani hiyo, ya enzi gani,
nani bado anayo? Jenga mwenyewe hapo hapo, nikakwambia.
Ukajibu bila hasira: hapa hakuna kompaila.
Hapa kuna jiko la kuni,
mtandao unaokuja upepo ukitulia,
na mteremko ulio juu ya shule,
umebeba sentimita tisini tangu Jumatatu.

Juu ya shule.

Nikashuka kwenye ghala la taasisi.
Mashine kongwe kuliko zote tulikuwa tumeizuilia mlango.
Nikaifuta vumbi, nikaiwasha, ikakohoa,
ikaniuliza nywila ya mtu aliyehamia Batumi miaka kumi iliyopita.
Nikaibahatisha. Ilikuwa jina la mbwa wake.

Humo ndimo nilimopaswa kuanzia.
Kilichojengwa juu ya jipya hukwama mlangoni kwa kuukuu;
kilichojengwa juu ya kuukuu hupita milango yote.
Nilishawafundisha wanafunzi hilo, kwa chaki,
mikono yangu ikiwa safi.

Na safari hii sikukuachia lolote la kutafuta.
Kila maktaba msimbo inayoitegemea nikaitia ndani,
hata ile ndogo ya kubana faili,
nikijua huenda unayo.
Kupeleka chumvi Svaneti, najua.
Heri chumvi mbili.

Saa nane usiku ilikuwa bado inajenga,
feni ikilia kama nyuki ndani ya chupa.
Saa kumi nikatuma.
Saa kumi na moja kasoro, neno moja: *Limekubali.*
Sekunde ishirini na sita kwa mashine yako.
Kisha namba, ambazo sikuzipenda.
Kisha: *Nakwenda kumwamsha mwalimu mkuu.*

Tangu hapo hujaandika.
Mlango wa ghala unajigonga, hauna tena cha kuuzuia.
Kukipambazuka nitampigia Eteri,
nimwambie nilipagusa.