Mti Usiotoa Kuni

Jumamosi ya pili ya mwezi tunakutana Shabab,
nyuma ya karakana ya Osoro, msuka dainamo zilizoungua.
Ndiyo maana hatununui waya:
shaba anayoing'oa kwenye mitambo ya watu
ndiyo inayofunza matawi yetu adabu.

Tuko watano. Sita, akija Hansa,
mjane wa mwenye duka la vitambaa,
na mkasi wake mdogo wa kudarizi
ambao hataki mtu aushike.

Mtini wangu niliung'oa kwenye mfereji wa paa
la bohari kuukuu karibu na stesheni.
Ndege ndiye aliyeupanda, kwa njia wapandayo ndege.
Askari wa zamu akaniuliza naiba nini.
Nikamwonyesha: majani manne,
mzizi mmoja kama mkia wa panya.
Alicheka hadi rungu likamponyoka.
Sasa una miaka kumi na mmoja
na haujanifika kiwikoni.

Jirani yangu huuliza kila akija kuomba chumvi:
mti usiotoa kuni, usiotoa kivuli,
mti ambao hata kuku hawezi kulala juu yake,
unakulipa nini?
Namwambia, samaki mkunje angali mbichi.
Ananiambia, samaki huliwa.

Kokoto zetu zatoka Menengai, zile nyepesi zenye matundu.
Tunazipepeta kwa chujio la chai.
Kuvumwani tunaikwangua nyuma ya tangi la maji
kwa kisu cha kupakia siagi, polepole,
kama unayemvua soksi mtoto aliyekwisha lala.
Nyaguthii hufinyanga mlima. Kila mara mlima.
Bonde, asema, litajitengeneza lenyewe.

Mwezi wa tatu Kipsoi alileta trei ya kuokea mikate,
kaitoboa chini kwa msumari,
na ndani yake shamba.
Si shamba lolote tu. Kwao, Mwariki.
Migunga mitatu ya shina la manjano, urefu wa kalamu,
boma la njiti za kiberiti, vichwa vyeusi vikitazama juu,
choo. Hata choo alikiweka,
na mlango wake umelala upande
kwa sababu, alisema, bawaba haikuwahi kutengenezwa.
Alituonyesha kwa ncha ya bisibisi:
hapa ng'ombe, hapa kisima,
hapa mama alianika wimbi.
Kisha akatoa kipande cha kioo cha pikipiki
akauliza,
ziwa niliweke wapi?

Sote tunajua liliko.
Liko juu ya choo. Liko juu ya paa.
Viboko hupita palipokuwa jikoni,
na nguzo za umeme zimesimama majini
kama watu waliosahau walichofuata.

Osoro akajitia kutafuta koleo.
Nyaguthii akasema, bila kuinua macho kutoka mlimani pake,
liweke palipokuwa.
Basi Kipsoi akaliweka mbali, ukingoni mwa trei,
likapokea mbingu kidogo na kona ya bati la Osoro.
Hansa akainama. Akakata kijitawi kimoja cha mgunga,
kimoja tu, kilichoziba njia
kutoka mlangoni hadi majini.
"Sasa mtu anaweza kutembea," akasema.

Tukanywa chai. Tukabishana juu ya samadi ya mbuzi,
kama ni kali mno kwa mizizi iliyopunguzwa,
na hatukuafikiana, kama mwezi uliopita.

Mvua ilipoanza kugonga mabati kila mtu akakumbatia chake,
mimi na mtini wangu chini ya kanga.
Nikamwona Kipsoi akisita mlangoni.
Trei kaibeba juu ya kiganja kama mhudumu wa hoteli.
Kwa mkono wa pili akaling'oa ziwa,
akalifuta kwa leso,
akalitia mfukoni mwa shati
na kufunga kifungo.