Ekseli ya Nyuma

Lori walilipima kwa kilo, kama mihogo.
Miaka tisa nimeliendesha, Tororo hadi Soroti,
Tororo hadi Busolwe, simenti mgongoni,
hadi lilipolala ubavu karibu na Nagongera
na tanboi wangu Ikwaput akatoka humo
akiwa pungufu ya meno mawili.
Mwenye mali alisema: chuma chakavu, basi.
Nikaomba kitu kimoja, ekseli ya nyuma, ya kulia,
iliyoliwa meno lakini haikupinda.
Ya nini? Nikamwambia, ya kukalia.
Alicheka. Akaikata kwenye mshahara wangu wa mwisho.

Isimamishe uione:
mguu wa chuma, na juu yake sahani
nene vidole viwili, yenye matundu manane ya bolti.
Jirani yangu Emokol aliona uyoga.
Mimi niliona fuawe.

Mguu ulizidi urefu. Nilimaliza nyembe tatu za msumeno.
Chuma cha ekseli hakibembelezwi,
unasukuma, kinakukenulia.

Gogo nilinunua kwa muuza nyama wa Rubongi,
mvule uliokatiwa mbavu miaka kumi na miwili
hadi ukabonyea katikati kama bakuli.
Nikaugeuza chini juu.
Mbwa wa mtaa mzima wakaja kuhani,
walilamba magome wiki nzima,
na Nyaketcho, ndoo mkononi: Baba Oboth,
umeniletea fundi au umeniletea msiba?
Tulitia nondo motoni ikaiva nyekundu,
tukatoboa gogo kidogo kidogo,
moshi ukinuka ng'ombe waliokwisha sahaulika.
Mguu ukaingia. Pembeni tukashindilia mchanga.

Uso wa sahani ulikuwa na makovu.
Mashine ya kusagia niliazima; umeme ukakaa nusu saa
ukaenda zake bila kuaga.
Iliyobaki ni tupa,
alfajiri mbili, magoti chini,
unga wa chuma ukinijaa puani.

Kisha gololi, ya beringi ya lori lilelile.
Oboth aliidondosha kwanza juu ya jiwe
tulilokuwa tukilitumia: ikaruka kidogo, ikachoka.
Akaidondosha juu ya sahani, kutoka kimo cha shubiri.
Ikarudi karibu yote mkononi mwake.
Chuma kizembe hulimeza pigo,
chuma kizima hukurudishia lako.
Sikumweleza mtoto. Alikuwa ameshaidondosha tena.

Nyundo ya kwanza, ikalia!
Ililia hadi mtoto wa Emokol akaitikia.
Nikaizungushia shingoni mnyororo wa baiskeli,
sauti ikakatika kama mtu aliyezibwa mdomo.

Nilichofua kwanza ni kulabu, na kilikwenda upande.
Nyaketcho alikitundika hivyohivyo, akaweka taa.
Taa inamulika mlango wa jirani kuliko wetu.

Usiku mwingine mguu wangu wa kulia
hukanyaga breki usingizini, shuka likachanika.
Hutoka nje pekupeku.
Ekseli imesimama palepale, baridi, ina umande.
Naweka kiganja juu ya matundu manane,
nasubiri kama dereva anayesikiliza injini.
Haizunguki.

Ndani, chini ya kitanda cha Oboth,
gololi imeanguka tena.