Kabari ya Mjozi

Inafua, inasuuza, halafu inagoma kukamua.
Taa nyekundu inakonyeza, maji yamesimama nyuma ya kioo
na shuka zangu zimo ndani kama abiria waliosahauliwa mpakani.
Gldani, Tbilisi, ghorofa ya saba, Jumapili.
Lifti mbovu tangu Alhamisi,
na fundi anataka lari hamsini kwa kupanda ngazi tu.

Jumberi wa ghorofa ya sita amekuja na bisibisi na maoni.
Ameipiga kofi ubavuni, mara mbili, kama mnunuzi wa ng'ombe.
"Ngoma imekufa hiyo. Nunua nyingine."
Jumberi ni mwepesi wa kutangaza misiba:
hata siku mke wangu alipopanda basi la kwenda Bari
alinishika bega kama mfiwa.

Nikampigia Lamara.
Bibi anayemtunza kule Italia alikuwa amelala.
"Inanguruma au imenyamaza?"
"Inanguruma, inajaribu, inaacha."
"Kama wewe," akasema, nikamsikia akivuta kiti.

Anza chini, kulia, kifuniko kidogo. Tega beseni kubwa.
Nilitega bakuli la saladi.
Maji ukiyavulia nguo yaoge;
mimi niliyaoga na soksi zangu miguuni.
Ndani ya kichujio: sarafu ya tetri ishirini,
mbegu za komamanga,
kifungo cha koti nililokwisha kuligawa,
na kibanio chake cha nywele, chenye kutu,
miaka minne kikisuguana na nguo za mtu mmoja.
"Umepata nini?"
"Takataka," nikasema, nikakitia mfukoni.

Nikafunga, nikawasha. Maji yakashuka bombani kwa kelele,
ngoma ikajikuna nusu mzunguko,
ikasita.

Nikaivuta, nikafungua skrubu sita za mgongoni
(moja ilibingirika chini ya jiko, ipo huko hadi leo).
Mkanda uko mahali pake, umekazwa kama kamba ya kapi
inayovusha nguo zetu kutoka roshani hadi mlingoti wa uani.
"Basi panga shuka upya. Zikijikusanya upande mmoja itaogopa."
Nikazipanga kama mtu anayemlaza mgonjwa.
Ikajitupa ubavu, ikagonga ukuta, ikazima.

Kimya. Bari yote ikasikika: saa ya ukutani, kikohozi chumba cha pili.
"Zauri," akasema polepole, "kabari iko wapi?"
"Kabari gani?"
"Ya mjozi. Mguu wa nyuma, kushoto.
Niliichonga mwenyewe, kwa kisu cha mkate,
usiku ule sakafu ilipotushinda."

Nikaitazama meza.
Machi ilikuwa ikiyumba, supu ikinihama;
nikainama, nikaona chini ya mashine kipande cha mti
kisicho na kazi,
nikakipa kazi.
Miezi mitano nimekula mahali palipotulia
nikijisifu kuwa nimejua kuishi peke yangu.

Sikumjibu. Nilipiga magoti, nikachomoa, nikachomeka,
nikabonyeza.

Ikaanza taratibu, kama mzee anayetafuta koti,
kisha ikashika kasi, vikombe vikagongana kabatini,
na Jumberi akapiga dari yake kwa ufagio.
"Hiyo," akasema Lamara, "hiyo, hiyo. Usikate."
Mara kengele ya bibi ikalia. Akaiacha simu mahali fulani,
akaenda.
Nami nikailaza yangu juu ya mashine,
ikatetemeka, ikasogea hadi ukingoni, nikaishika.

Dakika tisa tulikaa hivyo,
ngoma upande huu, chumba kitupu upande ule.

Usiku huu chai yangu imelala upande wa dirisha.
Nimeukandamiza ubao kwa kiwiko, nakula kwa mkono mmoja.
Fundi seremala yupo, mbao zipo, najua.
Wiki ijayo, labda.