Bei ya Mwisho

Njooni upande huu, jua lisiwapige machoni.
Isuzu hii ni ya mwaka wa themanini na tisa.
Magurudumu yote manne huvuta
ukivuta kijiti hiki chekundu, polepole, si kwa hasira.
Niliipata kwa mnada kule Gilgil,
ikiwa na rangi ya kijani na harufu ya buti.

Sitawaficha.
Gia ya pili huguna asubuhi
kama mtu aliyeamshwa na mdai.
Taa ya kushoto iliacha kazi Salgaa, haikutoa notisi.
Sampu hudondosha oili, tone moja kwa usiku:
tega kopo la Kimbo chini yake,
kukicha umrudishie kilicho chake.
Lakini chesisi! Piga. Piga kwa ngumi.
Fundi Okeyo wa Shabab aliingia chini yake Jumanne,
akatoka akifuta mikono, akasema neno moja:
"Bado."

Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza, wanasema.
Hili limejitembeza miaka thelathini
na mimi silioni ubaya.
Limeshusha viazi kutoka Mau Narok
barabara ikiwa uji,
malori ya wenzangu yamelala ubavu
kama ng'ombe waliovimbiwa,
nalo likipita katikati yao, likitafuna tope.
Limebeba mbao za Elburgon, pareto, karoti,
harusi mbili,
na jeneza la jirani ambaye hatukuelewana.

Mgeni anapima kwa utepe.
Mkewe anachora kwa penseli daftarini:
hapa kitanda, hapa jiko la gesi,
hapa tangi la maji, lita mia mbili,
hapa dirisha, waamke wakitazama jangwa la Chalbi.
Kisha ananiuliza, kwa Kiswahili cha kitabuni,
kila silabi imepigwa pasi:
"Bwana Gachengo, je, binadamu aweza kulala humu?"

Gathigia, aliyekuwa akichambua maharagwe mlangoni,
akainua kichwa.

Majuma sita, mama.
Januari ile, uwanjani pa maonyesho, hapo mjini Nakuru,
watu kumi na mmoja
na kuku aliyekataa kuachwa Molo.
Kitanda kilikuwa papo hapo ulipochora.
Jiko lilikuwa mawe matatu, nyuma ya tairi.
Dirisha hatukuwa nalo;
turubai lilikuwa na tundu, ukubwa wa shilingi kumi,
na Nyaguthii wetu, miaka minne,
alilala amelizibia kidole
ili usiku usituone.

Hayo sikuyasema.
Nilisema: "Vizuri sana. Tia godoro tu."

Nikataka milioni moja na laki tatu.
Akataja laki nane, akitazama tairi kwa huruma ya uongo.
Nikacheka. Akacheka. Nikakohoa.
Tukapandana na kushukana kama ngazi
mpaka Gathigia, bila kuacha maharagwe yake,
akasema: "Milioni moja na laki moja. Na turubai linabaki."
Hiyo ndiyo ikawa bei ya mwisho.
Turubai hawakulitaka hata hivyo,
watajenga kuta za mbao, wataweka mapazia.

Nyuma, kwenye bodi, pameandikwa HARAKA ZA NINI,
kazi ya mchoraji mmoja wa Njoro aliyelipwa kwa kabeji.
Yule mama akauliza maana. Nikamweleza.
Akasema hawatayafuta.
Nikampa mkono mara ya pili, huo haukuwa wa biashara.

Liliondoka saa kumi, likaguna gia ya pili,
likapinda kwenye kona ya Kiamunyi.
Gathigia akalitandaza turubai uani,
akamwaga maharagwe juu yake yakauke,
akaacha mahali pamoja patupu,
kama sahani.

Mimi nililala. Mtu hulala.
Asubuhi, kabla ya chai, miguu ikanipeleka yenyewe
kwenye lile doa jeusi,
nikainama kumrudishia tone lake.

Kopo lilikuwa kavu.
Nikaliinua, nikaliangalia ndani,
nikalirudisha palepale.