Dado Halina Mjomba

Basi la Kutaisi lilinishusha alfajiri,
theluji imelowa, nusu yake matope.
Baba alikuwa kizingitini, koti la mama mabegani,
mikono yake imelipita.
"Eteri," akasema, "umekonda."
Kisha akalitazama begi.

Miaka sita Thesaloniki
nimemwogesha mzee wa watu,
nimemkata kucha, nimempangusa mate,
na kila mwisho wa mwezi nikapanga foleni dirishani
nikiandika jina moja: Vazha, Vazha, Vazha.
Za kuni. Za dawa ya moyo. Za jiwe la mama.

Jana nilipanda makaburini peke yangu.
Msalaba ule ule wa mbao
umeinama kama mtu atafutaye sindano.
Katika jina la mama zimebaki herufi tatu.
"Fundi ananizungusha," alisema baba,
akachochea jiko lisilohitaji kuchochewa.

Usiku akaliteremsha sanduku la nardi,
la mbao ya mjozi, lenye ufa uliozibwa kwa nta.
Nilipokuwa na miaka tisa alinifundishia dunia hapo:
kwamba dado halina mjomba,
halimjui tajiri wala yatima,
na anayeshindwa asinune, alipe.
Nami nililipa. Shanga. Peremende za Mwaka Mpya.
Baiskeli niliyoletewa na shangazi Lamara.
Nikalia chini ya blanketi, bila kununa,
nikijivunia kuwa binti wa mtu wa haki.

Akatupa. Mbili na moja.
Niliinama kuokota kijiko,
na katika kioo cheusi cha dirisha
nikakiona kidole gumba cha baba
kikigeuza dado, moja, kisha jingine,
polepole, kwa upole,
kama anayemgeuza mtoto aliyelala.
"Sita na sita!" Akapiga paja. "Bahati haizeeki!"

Sikusema.
Nilikuwa nahesabu kinyumenyume:
jiwe, ng'ombe wa babu, pete ya mama ile "iliyoanguka mtoni".
Baiskeli.
Kumbe huko alikokuwa akienda usiku
walikuwapo wenye vidole vyepesi kuliko vyake,
nasi nyumbani tulikuwa wa kujifunzia.

"Mshindwa alipe," akasema, akicheka kwa meno yake manne.
Nikaweka mezani noti ya yuro ishirini.
Nilidhani ataisukuma irudi.
Aliikunja mara mbili, mara tatu,
akaitia ndani ya soksi.

Mzee wa Thesaloniki huniibia vidonge vya sukari.
Nikimfuma, masikio humwiva,
akautazama ukuta mpaka nitoke.
Baba alinitazama usoni,
macho maangavu, mazuri, yale niliyorithi,
akaniuliza kama tuanze upya.

Nikapanga kete.